Filta imekula hina: kwa mnaoniuliza natumia programu gani

Juzi nimepata ujumbe kutoka Malindi. "Dada, salaam. Hizo picha zako za rangi ya maji zinanikosesha usingizi. Nitajie tu programu. Mimi nimeshajaribu zote za simu, na kila nikimaliza picha inatoka kama imemwagikiwa uji." Akaambatisha na kazi yenyewe: nguzo ya Vasco da Gama, jua la saa saba mchana, mbingu za buluu kali, na nguzo nzima imegeuka kijivu chenye mabaka.

Nikamjibu kwa kifupi: GIMP au Krita, zote za bure. Akashukuru sana. Lakini najua jibu hilo halitamfikisha popote, maana nimeshawapa wengi kabla yake na sijaona picha hata moja iliyobadilika. Kwa hiyo leo naeleza lote, na mnivumilie, kwa sababu siwezi kulieleza bila kuanza na mama mmoja wa mtaa wa Mkomani, hapa kwetu Lamu.

Kazi yangu mnaijua, kadi za harusi na mabango, kiduka kidogo Langoni. Huyo mama alikuja na simu yake baada ya harusi ya bintiye. Wenyeji hamhitaji kuelezwa: picha ya bibi harusi kwetu haitundikwi ukumbini kila mgeni akaitazama. Mama alitaka ukumbusho ukutani, na hapo hapo hataki uso wa mwanawe uonekane. Akanifunulia picha moja ya mikono mitupu, imelazwa juu ya leso, hina na piko, ile rangi nyeusi, mpaka karibu na viwiko. "Nifanyie iwe kama ya kuchorwa, mwanangu," akaniambia. "Kama zile za wazungu wa Shela."

Nikaiingiza kwenye Photoshop. Programu hiyo ipo tangu 1990 na ndani yake mna filta ya siku nyingi iitwayo Watercolor. Unabonyeza, unasubiri, imeisha. Leso ilitoka vizuri ajabu. Vidole vilitoka vizuri. Hina, ambayo ndiyo mama alikuwa anailipia, imeliwa. Yale maua madogo, vikonyo, nukta za juu ya kucha, vyote viliungana vikawa doa moja la kahawia, na penye piko pakawa peusi tititi. Filta hiyo ina tabia ya kusukuma vivuli viwe vyeusi zaidi hata ukikishusha kipimo chake cha vivuli hadi sifuri. Mkiiona picha ya "rangi ya maji" yenye weusi kama wa lami, mjue imepita huko.

Tatizo si Photoshop. Filta yoyote ya aina hii huangalia pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, na jirani zake, huzilainisha zinazofanana na kufuta vitu vidogo. Haijui kuwa hiki ni kidole cha bibi harusi na hiki ni pindo la leso. Inalainisha vyote sawasawa. Mchoraji hafanyi hivyo: leso ataipitishia brashi pana akaiacha, kisha akakaa na ua moja la hina kwa subira. Ukishalielewa hili, mengine yote niliyo nayo ni maelezo ya mkono tu.

Nilichofanya ni hiki. Nilinakili picha ikawa tabaka mbili (layers), moja juu ya nyingine. Tabaka la chini nikalilainisha kwa Median Blur mpaka likabaki mabonge ya rangi. La juu nikaliacha kama lilivyopigwa, nikalivika barakoa nyeusi, kwa hiyo limefichika lote. Halafu nikachukua brashi nyeupe ndogo na kuirudisha hina. Kila unapopaka cheupe kwenye barakoa, kilicho kwenye tabaka la juu kinajitokeza pale pale na si kwingine. Ua kwa ua, kikonyo kwa kikonyo, mpaka kwenye kifundo. Kutoka kifundo kwenda kiwiko nikaanza kuacha: ua hapa, nusu ua pale, kisha rangi tu. Usiku wenyewe sitawasimulia, hauna la maana zaidi ya stima kukatika.

Mama aliitazama kimya, akahesabu vidole, akasema, "Hii ndiyo hina ya mwanangu." Kisha akaanza kuniomba nimpunguzie. Picha iko ukumbini kwake mpaka leo, na nimeshawafanyia jamaa zake wawili.

Sasa yale mengine. Weusi: rangi ya maji haina weusi wa mkaa. Fungua Levels, dirisha la kurekebisha giza na mwanga, na ile mishale ya chini inayotawala rangi zinazotoka, sogeza wa kushoto kuelekea kulia kidogo. Cheusi kitakuwa kijivu. Ukikitia na ubuluu kidogo, kinafanana na kivuli cha kwenye ukuta wa chokaa.

Weupe ndio mkubwa zaidi, na ndio mnaoupuuza wote. Wachoraji wa jadi wa rangi ya maji hawapaki cheupe. Cheupe ni karatasi iliyoachwa. Weka tabaka jeupe chini ya kila kitu, uivike picha barakoa, kisha ule kingo zake kwa brashi yenye makunyanzi mpaka karatasi itokeze. Msiijaze picha hadi pembeni! Kila mnachonitumia kimejaa pembe nne kama picha ya pasipoti.

Mistari: nakala nyingine ya picha, iondoe rangi, ipitishe kwenye Difference of Gaussians, filta ya kutafuta kingo, uigeuze ikihitajika ili mistari iwe myeusi juu ya weupe, iweke kwenye hali ya Multiply ili cheupe chake kipotee na mistari ibaki, kisha uififishe hadi asilimia 20 au 30. Ikizidi hapo inakuwa katuni. Wanaotumia GIMP wapate toleo la 3.0 lililotoka 2025, maana sasa filta nyingi unaweza kuzirudia na kuzirekebisha bila kuharibu picha ya asili.

Kuna jambo moja nililijifunzia barazani, si kwenye kompyuta. Tazameni kikombe cha kahawa kikimwagika juu ya meza na doa likakauka: ukingo wake unakuwa mweusi kuliko katikati. Maji hukauka upesi zaidi ukingoni, mengine yakatiririka kutoka katikati kuziba pengo, yakabeba chembe za kahawa pamoja nayo. Wanafizikia walilieleza vizuri mwaka 1997. Rangi ya maji hufanya hivyo hivyo, na ndiyo maana bonge la rangi lisilo na ukingo uliokolea jicho linalikataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Mimi nilimwaga kahawa kwenye karatasi nyeupe, nikayapiga picha yale madoa yalipokauka, nikayaondoa rangi, na sasa ni tabaka langu la kudumu. Na karatasi pia: tafuteni hata kipande kimoja cha karatasi halisi ya rangi ya maji, mkiweke dirishani mwanga uje kwa ubavu ili vinundu vyake vitupe vivuli, mkipige picha, mkiweke juu kwa Multiply. Kazi imeisha.

Nije kwenye linaloniuma. Niliwahi kutundika picha zangu kwenye maonyesho madogo Shela. Mojawapo ilikuwa ya punda amesimama kwenye kichochoro, shogi zimejaa mawe ya matumbawe, nyaya zote za stima nimezifuta, matangi ya maji ya juu ya mapaa nimeyafuta, na nusu ya ukuta nimeiacha karatasi tupu. Mchoraji mmoja wa brashi, jina lake nalihifadhi, alisimama pale akausifu ule ukuta. Akauliza karatasi nimeagiza wapi. Nilipomwambia ni kazi ya kompyuta aliutoa mkono wake kwenye fremu kama imemuunguza. "Aa, basi imechorwa na mashine." Waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ndilo linaloniudhi zaidi.

Mashine ingekuwa inachora, ya Malindi ingetoka nzuri. Programu ni ile ile! Aliyeamua ukuta ubaki mtupu na sikio la punda lichorwe ni mimi. Mji huu wa Lamu umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, kila anayeshuka boti ana simu, na mlango wa nakshi, punda na jahazi vimeshapigwa mpaka vimechoka. Kinachobaki kwako ni kuchagua utakachoacha. Vijana wetu mnataka jina la programu kwa sababu jina halichoshi mkono. Mnapakua, mnabonyeza, mnaposti, mnalalamika wateja hawapo. Kaeni chini na picha moja. Moja! Iangalieni mpaka mjue ndani yake hina iko wapi.

Sasa dadangu wa Malindi, nguzo yako. Mambo yako ni mepesi kuliko yangu, kwa sababu nguzo ni nyeupe, na cheupe hakichorwi. Rudi pale saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa bahari, usimame ubavuni mwake: upande mmoja utakuwa na mwanga na wa pili utakuwa na kivuli. Ule wa mwanga usiuguse kabisa, wala usiuwekee mstari. Mbingu ndiyo itakayouchora kwa kuishia pale ulipoanzia. Upande wa kivuli upake buluu nyepesi. Msalaba wa juu ndio hina yako, urudishe kwa brashi ndogo. Miamba ya chini iache iyeyuke. Jua la saa saba ulilotumia limewaka kila mahali, filta haina cha kushika, ndiyo ikakupa mabaka.

Ukitaka kuchapa kwa ukubwa wa A3, hakikisha faili ina pikseli 3508 kwa 4961, yaani nukta 300 kwa inchi. Chagua karatasi isiyong'aa. Usimtumie mchapishaji picha kwa WhatsApp kama picha, inaminywa. Itume kama dokyumenti au ipeleke kwenye flashi. Na usiondoke dukani kabla hujamwambia azime ile sehemu ya printa inayojirekebishia picha yenyewe, la sivyo itaona weupe wako, ifikirie umekosea mwanga, na ikujazie rangi mpaka pembeni.