Zimebaki majuma kumi: nijipangeje kwa Mtihani wa Taifa?

SWALI

Salamu kwenu nyote wa gazeti. Mimi ni finalisti wa mwaka wa sita, mchepuo wa kemia na biolojia. Zimebaki majuma kumi kabla ya Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari. Nimekwisha kuandika ratiba tatu, na zote zimevunjika kabla ya siku ya tano, maana kila alasiri ninamsaidia mama kuuza mboga za lengalenga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na umeme wa mtaani kwetu hukatika usiku bila taarifa. Sura ya biolojia ninayoisoma leo, juma lijalo huwa kana kwamba sijawahi kuifungua. Je, nipunguze usingizi? Na masomo niyagawe vipi?

Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU

Binti yetu, ninaamini ratiba hizo zilivunjika kwa sababu uliziandika kana kwamba alasiri ni yako na taa haizimiki. Kabla ya kuandika ya nne, chukua siku saba uandike tu saa ulizokaa na daftari kweli. Huenda ukapata saa moja na nusu alfajiri na saa moja jioni baada ya bukari, yaani ugali. Basi hizo ndizo mali yako, na ratiba ijengwe juu yake. Alfajiri ipe hesabu za kemia na fizikia, ambazo zinadai akili iliyopumzika. Jioni iwekee kazi inayowezekana hata gizani, yaani kujiuliza maswali kwa sauti na kuyajibu.

Kuhusu kusahau, usijilaumu. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa muda mrefu, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa za mwanzo baada ya kujifunza, kisha kasi hiyo hupungua. Ndiyo maana ninakushauri usigawe sura kwa idadi ya siku zilizobaki, kama wengi wanavyofanya, kwa sababu mgawanyo huo huipa kila sura siku moja na kuiacha ipotee. Kila sura mpya iandikie papo hapo tarehe tatu za kuirudia: kesho yake, baada ya juma moja, na baada ya majuma matatu. Ukifuata hesabu hiyo, sura mpya itakupasa kuzimaliza katika juma la saba, ili hata ya mwisho ipate kurudiwa mara zote tatu.

Lakini kurudia ninakokusudia hakumaanisha kupitisha macho juu ya mistari uliyoipigia rangi. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka kuhusu, tuseme, mgawanyiko wa seli, kisha fungua uone ulichoacha. Nchini Marekani, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Baadhi walivisoma mara mbili, wengine walivisoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliosoma mara mbili waliongoza, ila baada ya juma moja walikumbuka asilimia 42 tu, na wale wa karatasi tupu asilimia 56. Hisia ya kwamba umeelewa, ile inayotujia mara tu baada ya kusoma, ndiyo inayowaangusha vijana wetu wengi wenye bidii.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtihani wetu, ambao sehemu yake kubwa ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Unapopitia itemu, yaani maswali ya mtihani, za miaka iliyopita huku majibu yakiwa kando, kila jibu sahihi huonekana kama ulilijua. Yafunike. Tafuta jibu lako kwanza, ndipo utazame chaguo. Siku nne za kikao cha mtihani hugusa maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya mchepuo. Jipime kwa itemu za kila kundi juma hili la kwanza, na pale ulipopata chini ya nusu papewe saa nyingi zaidi, hata kama hupapendi. Insha ya Kifaransa huandikwa kabla ya kikao chenyewe, hivyo andika moja kila juma kuanzia sasa.

Usingizi usiupunguze. Tangu mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, ilionekana kwamba waliolala baada ya kujifunza walikumbuka zaidi kuliko walipobaki macho kwa muda uleule. Kukesha kwa mshumaa katika baridi hii ya kiangazi kutakunyima saa yako ya alfajiri, ambayo ndiyo bora kuliko zote.

Acha pia Jumapili alasiri bila kuiandikia kitu, ili deni la juma lilipwe hapo na ratiba isivunjike kwa sababu ya jioni moja tu. Na kwa kuwa majuma matatu ya mwisho yatahitaji mazoezi marefu ya kukaa saa nzima bila kuinuka, mwombe mama alasiri mbili kwa juma katika kipindi hicho. Mwombe mapema, ukimwonyesha ratiba yenyewe, apate muda wa kumtafuta mtu wa kumsaidia mezani pake sokoni.