Barua kwa mwanangu: soma hati ya mshahara kutoka chini

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza, ukishamaliza miezi 27 ya chuo na kubaki na ule mkopo, PA, yaani msaidizi wa daktari anayetibu wagonjwa mwenyewe, huko Marekani analipwa vizuri wapi: upasuaji au kliniki ya familia? Hesabu zako nimeziona. Mwaka 2024 nusu yao walipata zaidi ya dola 133,260. Upasuaji na dharura juu, kliniki ya familia chini, California juu zaidi. Baba yako alizigeuza shilingi, akanyamaza, akaenda kumwagilia migomba.

Mimi unanijua: hati ya mshahara husomwa kutoka chini kwenda juu. Juu kuna cheo na tarakimu za kupendeza, chini ndiko kuna kinachobaki. Kaka yako muulize ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo inavyouma.

Ila kilichoninyima usingizi ni ulichochomeka mwishoni kama utani. Kwamba PA akimtibu mzee wa Medicare, ile bima ya serikali yao ya wazee, dai la malipo likienda kwa jina la PA wanalipa asilimia 85 ya anacholipwa daktari. Likienda kwa jina la daktari, kwa masharti yao, wanalipa yote. Mgonjwa yuleyule, mikono ileile!

Ulikuwa darasa la tatu, usiku ule wa mvua uliolala kwa Mama Zuhura. Daktari wa wilaya yuko semina, zamu ni yangu, daktari msaidizi. Mama kaletwa kwa tela la trekta, mkono wa mtoto umetangulia. Nilipasua mimi. Jenereta likazima katikati, mhudumu akanimulikia kwa tochi mpaka nikashona. Wakapona wote wawili. Nikajaza kitabu cha upasuaji: mpasuaji, jina langu. Alhamisi nakuta limekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake limeandikwa la daktari. Mwisho wa mwezi posho ikalifuata jina.

Si posho iliyoniuma. Aa, nisiseme uongo, na posho pia. Ilikuwa viatu vyako vya shule.

Pengine namwonea. Mtoto yule angekufa, yeye ndiye angeitwa mkoani kujieleza, si mimi. Nimejiambia hivyo miaka yote hii na bado haijaniingia. Na huko kwenu, wanaolipwa kwa hesabu ya wagonjwa wataombaje nyongeza kwa kazi iliyoandikwa jina la mwingine?

Sikuchagulii. Ningekuwa mimi, ningekimbilia... basi, siandiki, baba yako anasoma hapa begani. Kliniki ina usingizi wake, na wewe usiku hukuuweza tangu utotoni.

Lakini siku ya usaili, kabla hujataja dola, waulize madai wanayapeleka kwa jina la nani. Na hati yako ya kwanza nipigie picha unitumie. Ya chini tu inatosha.

Mama yako