Re: Boti inalala ubavu upepo wa kusi ukivuma

Mkuu, umesema una boti ya faiba futi 16, ukizima mashine uvue mshipi nje ya kisiwa cha Mbudya basi upepo unaigeuza ubavu na mawimbi yanaingia. Hiyo ni kawaida ya boti nyepesi, na kwa jinsi ulivyoeleza nahisi boksi la barafu, tanki na watu wote mmejazana tezi (nyuma ya boti), omo (mbele yake) inabaki juu kama tanga, upepo lazima uisukume. Sogeza boksi mbele kidogo kwanza.

Halafu tafuta ndoo ya lita 20, toboa matundu matatu manne kitakoni, funga kamba kuzunguka shingo ya ndoo (usiamini ule mkono wake, unang'oka) mita kama 15 hivi, ifunge omo uiachie majini. Boti itageukia upepo yenyewe na itasogea polepole we unavua zako.

Ukitia nanga, kamba iwe mara 5 mpaka 7 ya kina, na usiifunge tezi hata siku moja. Mi nilifunga tezi kwa uvivu tu, wimbi la pili likapanda na mashine, tukakumba maji na sufuria ya ugali mpaka mikono ikafa ganzi.

Ukihamia kaskazini ya kisiwa kusi inakingwa, ila TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitoa tahadhari ya upepo mkali we lala tu nyumbani. Huko Kunduchi unatumia mashine ya nguvu ngapi (HP)?