Kiharusi: vidole kumi, dawa za presha zilizoachwa na maswali mengine

Baba (62) aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia haushiki. Jirani akasema tumtoboe vidole vyote kumi kwa sindano damu itoke, kisha tumpe aspirini. Tulifanya vyote, hospitali tukafika saa nane mchana. Tulikosea? – Msomaji, Morogoro

Ndiyo, na kosa kubwa ni hayo masaa. Ujumbe wa vidole kumi unazunguka WhatsApp miaka nenda miaka rudi. Damu ya kidoleni haihusiani kwa lolote na mshipa ulioziba au kupasuka kichwani. Aspirini nayo ni kamari. Kiharusi cha kuziba na cha kupasuka hufanana kwa macho, hata daktari hawezi kuvitenganisha kwa uhakika bila picha ya CT, yaani ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa. Mwenye mshipa uliopasuka ukimpa aspirini, unamzidishia kuvuja damu. Na wale wanaoweka nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi wa mgonjwa waache: presha ikiporomoka ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipata damu kidogo inakosa hata hiyo.

Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukidondoka anapoambiwa ainue yote miwili, au maneno yakivurugika, tafuta gari hapo hapo. Kama amelegea, mlaze ubavu. Asile wala asinywe, hata maji ya kumezea dawa. Mwenye kisukari apimwe sukari kama kipimo kipo karibu, kwani ikishuka sana inaweza kufanana na kiharusi. Kisha andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, si saa mliyomkuta. Kwa baba yako ni saa aliyokwenda kulala. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu saa hiyo, na hospitali zenye dawa hiyo na CT kwa pamoja ni chache. Ulizieni leo iliyo karibu nanyi, msisubiri usiku wa dharura.

Mkono ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito kama dakika kumi, kisha nikawa sawa. Niende hospitali? – J., Mwanza

Leo. Hicho ni kiharusi kilichopita njia, na hatari ya kingine kamili ni kubwa zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo.

Je, kiharusi ni jini? – Wengi

Hapana.

Presha yangu imeshuka hadi 128/80. Naweza kuacha dawa? – Mama K., Tanga

Imeshuka kwa sababu unameza dawa. Swali hili limejibiwa hapa hadi wino umekauka. Presha haiumi, kichwa kutouma si kipimo. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiharusi Dar kimezidi mara mbili ya kile cha Hai, na presha ilikuwa miongoni mwa vihatarishi vikuu. Dozi ikikuletea uvimbe wa miguu au kikohozi, rudi kwa daktari abadilishe dawa. Usiazime ya jirani. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye dagaa na mchemsho wa kopo.

Mume wangu ametoka wodini. Akinywa maji anakohoa, na bega la upande uliopooza linamuuma. Mchuaji anataka kumnyoosha mkono. – Bi. S., Mombasa

Mchuaji akae mbali. Misuli iliyolegea haishiki bega, na mkono ukivutwa unachomoka kidogo kidogo. Msimnyanyue kwa kumvuta mkono wala kumshika kwapani. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Maji ya moto ya kukanda ni hatari vilevile: ngozi isiyohisi huungua bila yeye kusema. Kitandani mgeuzeni kila baada ya masaa mawili, la sivyo vidonda vya kulalia vitawapa kazi ya miezi.

Kukohoa ni dalili kwamba maji yanaelekea mapafuni. Maji matupu ni magumu kumeza kuliko uji mzito. Aketi wima, mlisheni nusu kijiko cha chai kwa mara, subirini ameze, na tazameni shavu la upande dhaifu, maana chakula hubaki pale bila yeye kujua. Baada ya kula akae wima nusu saa. Sauti ikiwa ya majimaji au homa ikipanda, hospitali. Ombeni mtaalamu apime kumeza kwake, huenda akahitaji mrija wa puani kwa muda.

Mazoezi: kuinuka na kukaa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, mara kumi, mara kadhaa kwa siku, msaidizi akisimama upande dhaifu. Fiziotherapia ya mara moja kwa wiki bila haya ya nyumbani ni nauli tu.

Miezi minane tangu kiharusi, usemi haujarudi. Tukate tamaa? – Msomaji, Kigoma

Hapana. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Huenda mmeona ajabu hii: hawezi kuomba maji, lakini Al-Fatiha au Baba Yetu inatoka mwanzo hadi mwisho. Maneno ya mazoea hupita njia nyingine ubongoni, kwa hiyo imbeni naye nyimbo alizozijua. Muulizeni swali moja la ndiyo au hapana kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa. Chora kikombe, choo na kitanda kwenye kadibodi aonyeshe kwa kidole. Wala msimmalizie sentensi. Hesabuni hadi kumi kwanza.