Uzito umerudi, kioo bado kinamliza
Pole sana dada. Umeuliza kwa nini mdogo wako, aliyekuwa ameacha kula, amerudisha uzito lakini bado analia mbele ya kioo. Hutokea sana: mwili hutangulia, jinsi anavyouona hufuata nyuma, wakati mwingine kwa miezi mingi.

Katika tiba ya utambuzi na tabia (tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea) kwa matatizo ya ulaji, ile ya Christopher Fairburn na wenzake wa Oxford, mtaalamu habishani naye kwamba si mnene. Hata ninyi acheni, mnajichosha bure. Anamchorea duara, aligawe kama chapati kwa mambo anayojipimia thamani yake: kipande cha masomo, cha marafiki, cha familia, cha umbo. Mara nyingi umbo limekula karibu chapati nzima. Kazi ni kuvikuza vile vingine.

Halafu ukaguzi wa mwili. Siku nzima anaandika kila anapojifinya tumbo, anapopima kifundo cha mkono kwa vidole, anapojitazama kwenye dirisha la gari lililoegeshwa. Wengi hushtuka wakiiona orodha. Zoezi ninalolipenda mimi: barabarani amtazame kila mwanamke wa tatu wa rika lake anayepita, si yule mwembamba ambaye macho yake yamezoea kumchagua. Miili ghafla inakuwa ya kila namna.

Na mashangazi wenye "umenenepa, umependeza!" waonyeni kabla hawajaingia sebuleni. Kwake hiyo si sifa. Akizimia au akiacha kula tena, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.