Mnaoanza kusoma historia ya misaada kwa maskini, wasikilizeni kwanza waliopinga

Wanafunzi wapya wa ustawi wa jamii huniletea insha zinazodai kwamba wahafidhina waliopinga misaada ya serikali walikuwa na roho mbaya, basi. Ukianzia hapo hutaelewa kitu. Chukueni Sheria ya Maskini ya Uingereza ya 1834, muisome taratibu.

Tangu 1601 kila parokia (eneo dogo la utawala chini ya kanisa) ilitoza kodi ya kuwatunza maskini wake. Mwishoni mwa karne ya 18 kodi hiyo ilipanda sana, na wakosoaji kama mwanauchumi Thomas Malthus wakasema msaada unamlemaza mtu na kumtia moyo wa kuoa na kuzaa bila uwezo. Hoja hii mtakutana nayo maisha yenu yote ya kazi. Ijueni kwa maneno ya wenyewe kabla ya kuijibu.

Kisha daini ushahidi. Tume ya serikali iliyoundwa 1832 kuchunguza misaada hiyo, ambayo ripoti yake ndiyo iliyozaa sheria ya 1834, ilituma maswali kwenye parokia nyingi, lakini ripoti iliandikwa na Nassau Senior na Edwin Chadwick, watu waliokwishajua wanachotaka. Majibu yenyewe yalichapishwa kwenye viambatisho. Miaka ya 1960 mwanauchumi Mark Blaug aliyapitia upya akaona hayabebi hitimisho lao: ujira mdogo na ukosefu wa kazi ndivyo vilivyozaa msaada, si kinyume chake. Kwa hiyo nawasihi, fikeni kwenye viambatisho.

Angalieni pia kilichowapata watu. Sheria ilikusudia kwamba mwenye nguvu zake asaidiwe ndani ya nyumba ya kazi tu, yaani makao ambamo maskini waliishi na kufanyishwa kazi, tena aishi vibaya kuliko kibarua wa chini kabisa. Mume, mke na watoto walitenganishwa. Huko Andover, mwaka 1845, iligundulika kwamba wanaume waliopewa kazi ya kuponda mifupa iwe mbolea walikuwa wakiguguna mabaki yaliyooza kwa njaa. Kashfa hiyo ilichangia kuvunjwa kwa makamishna wa sheria hiyo mwaka 1847.

Majina ya vyama yasiwapoteze. Waliopitisha sheria ile walikuwa Whig, chama cha wapenda mageuzi, na Richard Oastler, Tory (yaani mhafidhina) wa kindakindaki, aliipinga kwa nguvu zote kwa sababu aliamini tajiri ana wajibu kwa maskini. Marekani nako, mwaka 1887, Rais Grover Cleveland wa chama cha Democratic alikataa kuidhinisha dola 10,000 za mbegu kwa wakulima wa Texas waliopigwa na ukame, akisema msaada wa serikali unadhoofisha uthabiti wa taifa. Someni tamko lake sambamba na ripoti ya akina Senior.