Maswali ya Wasomaji: Hesabu ya Ajali ya Mwezi Mmoja Ina Uzito Gani?

Barua nyingi tulizopokea kuhusu ajali za barabarani zimetoka kwa watu wanaoishi katika miji midogo ya pwani, ambako takwimu hutangazwa kila mwezi na kila mwezi huzua ubishi. Nimechagua tano. Baadhi nimezifupisha.

Mheshimiwa Mhariri, katika mji wetu idadi ya ajali hutangazwa kila mwisho wa mwezi. Ikipanda, viongozi huwalaumu madereva; ikishuka, husifu doria zao. Mimi hupita barabara hizo kila siku na sioni kilichobadilika. Je, tumwamini nani?

Ndugu msomaji, huenda hakuna anayesema uongo, ila wanatafuta sababu ya jambo ambalo mara nyingi halina sababu. Mji mdogo huwa na ajali chache kwa mwezi, na hesabu ndogo haitulii hata pale ambapo barabara, magari na madereva ni walewale. Mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson alichapisha mwaka 1837 kanuni inayoeleza namna matukio adimu yasiyotegemeana yanavyotawanyika, na matumizi yake kwa suala letu hayahitaji zaidi ya penseli: chukua wastani wa ajali kwa mwezi, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha ukizidishe kwa 2. Takriban miezi 19 kati ya 20 itaangukia ndani ya kiasi hicho, juu au chini ya wastani. Tuseme mji una wastani wa ajali 16. Kipeuo chake cha pili ni 4, ambacho mara mbili ni 8. Kwa hiyo mwezi wenye ajali 9 na mwezi wenye ajali 23 yote ni miezi ya kawaida katika mji huo, ingawa wa pili utatangazwa kwa hofu na wa kwanza kwa pongezi.

Kwa vifo hali huwa ngumu zaidi. Mji ambao hupata wastani wa ajali mbili zenye vifo kwa mwezi utakuwa, kwa sadfa tupu, na mwezi mmoja au miwili kwa mwaka isiyo na ajali hata moja ya aina hiyo, na karibu kila baada ya mwaka na nusu utapata mwezi wenye ajali tano au zaidi. Nimeandika makusudi "ajali zenye vifo" badala ya "vifo", kwa sababu basi moja likipinduka linaweza kuondoka na watu wengi kwa mara moja, na hesabu ya marehemu ikaruka ilhali tukio ni moja. Majonzi ya tukio hilo hayapimiki. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kama barabara zinazidi kuwa hatari, bado ni tukio moja.

Anayeona maneno haya kuwa ya vitabuni tu na atazame kazi ya mwanatakwimu Ladislaus Bortkiewicz, aliyechapisha mwaka 1898 hesabu ya askari wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika vikosi 10 kwa miaka 20, yaani kumbukumbu 200 za kikosi kimoja kwa mwaka mmoja, zilikuwamo 109 zisizo na kifo, 65 zenye kifo kimoja, 22 zenye viwili, 3 zenye vitatu na 1 yenye vinne. Kamanda wa kile kikosi kilichopoteza watu wanne bila shaka angeulizwa maswali makali, na pengine angejiuliza mwenyewe. Hata hivyo mtawanyiko huo unalingana kwa karibu sana na ule unaotarajiwa pale ambapo vikosi vyote viko katika hatari ileile na tofauti zote ni za bahati.

Badala ya kulinganisha mwezi huu na uliopita, jumlisheni miezi 12 ya mwisho, na kila mwezi mpya ukiingia mwondoe ule wa zamani kabisa. Kwa mji wa mfano wetu jumla hiyo ni 192, na kipeuo chake cha pili hakifiki 14, ambacho ni kama asilimia 7 tu ya jumla. Kwa mwezi mmoja kilikuwa asilimia 25. Jumla hiyo pia inaondoa kasoro ya kalenda ambayo watu huisahau: mwezi wa siku 31 ni mrefu kuliko Februari ya siku 28 kwa karibu asilimia 11, na unaweza kubeba Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tano kila moja, wakati Februari hiyo haiwezi kuzidisha nne. Ajali "zilizoongezeka" Machi wakati mwingine ni urefu wa Machi wenyewe.

Kila msimu wa likizo mji wetu hufurika wageni na ajali huongezeka. Mwenyeji mwenzangu anasema wageni hawajui kuendesha. Mimi nasema ni wingi wa magari. Utuamulie.

Ninyi wawili mmeshika ncha mbili za kamba moja, lakini yako ni nzito zaidi. Magari yakiongezeka, nafasi za kugongana huongezeka, na katika mji wa pwani hazina pa kutawanyikia, kwa kuwa upande mmoja kuna bahari. Miji mingi ya aina hii ina barabara kuu moja inayofuata ufuko, na barabara hiyohiyo hubeba lori linalotoka bandarini, basi, mwendesha baiskeli, dereva anayetafuta mahali pa kuegesha, na familia inayovuka kwenda kuogelea. Mji wa bara ungewatenganisha baadhi yao kwa barabara ya kuuzunguka mji. Mji uliobanwa na maji hauna mzunguko kamili.

Ugeni nao una nafasi yake. Dereva asiyeijua kona hufunga breki kwa kuchelewa, na mtu aliyetoka nchi wanakoendesha upande mwingine wa barabara huangalia upande usio sahihi kabla ya kuvuka. Ila ukiwatazama waliogongana, usishangae kukuta wenyeji wengi, maana mwenyeji huendesha kwa mazoea: amezoea makutano yakiwa matupu, na siku yakijaa mguu wake bado uko kwenye mafuta.

Hapo pana mtego wa hesabu unaowanasa hata maofisa wazoefu. Ajali za mji hugawanywa kwa idadi ya wakazi ili kupata kiwango kwa kila watu 100,000. Juu ya mstari wanahesabiwa wote waliopata ajali, wakiwamo wageni. Chini ya mstari wanahesabiwa wakazi peke yao. Mji ambao watu wake huongezeka maradufu wakati wa likizo utaonekana hatari kuliko ulivyo, na ukilinganishwa na mji wa bara wenye wakazi sawa, ulinganisho huo ni batili. Kipimo bora ni wingi wa magari yanayopita na, pale inapowezekana, wa watembea kwa miguu, unaohesabiwa katika vituo vilevile mwezi baada ya mwezi.

Tena, msiitazame miezi yenye wageni tu. Msongamano huongeza migongano midogo, lakini hupunguza mwendo, na mwendo ndio unaoua. Marekani mwaka 2020, safari zilipopungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa sababu ya janga la korona, vifo vya barabarani havikushuka. Vilipanda kwa kama asilimia 7 kuliko mwaka 2019, na kuongezeka kwa mwendokasi katika barabara zilizo wazi kulitajwa miongoni mwa sababu kuu. Kwa hiyo mji wenu unaweza kuwa na ajali nyingi katika msimu wa wageni na ajali mbaya katika msimu wa utulivu, na jedwali linalotoa jumla moja litaificha ile ya pili kabisa. Dai jedwali linalotenganisha vifo, majeraha makubwa, majeraha madogo na uharibifu wa mali.

Nimeweka chati ya mvua na ya ajali pamoja. Nilitarajia mwezi wenye mvua nyingi uwe na ajali nyingi, lakini sikuona hivyo. Nimekosea wapi?

Hukukosea popote, umefika pale alipofika mtafiti Daniel Eisenberg, ambaye mwaka 2004 alichapisha uchambuzi wa ajali za majimbo 48 ya Marekani tangu 1975 hadi 2000. Alipopima kwa mwezi, miezi yenye mvua nyingi ilikuwa na ajali chache zaidi zenye vifo. Alipopima kwa siku, siku ya mvua ilikuwa na ajali nyingi zaidi. Majibu yote mawili ni sahihi, na kilichoyaunganisha ni muda uliopita tangu mvua ya mwisho: hatari ya mvua ilikua kadiri ukame uliotangulia ulivyokuwa mrefu. Mafuta na vumbi hujikusanya juu ya lami wakati wa kiangazi, na manyunyu ya kwanza huvichanganya kuwa utelezi kabla mvua inayofuata haijausafisha; na dereva aliyekwisha kuzoea mvua kwa wiki tatu huendesha kwa tahadhari ambayo yule wa siku ya kwanza hana.

Chati ya mwezi inachanganya siku ya kwanza na ya ishirini katika kapu moja. Tenganisha siku, uandike kila siku ya mvua ilitanguliwa na siku ngapi kavu. Kwa kuwa uko pwani, ongeza safu mbili zaidi: mchanga uliopeperushwa na upepo hadi barabarani, na jua. Barabara inayoelekea baharini humlenga dereva jua machoni asubuhi ikiwa bahari iko mashariki, na jioni ikiwa iko magharibi, na kwa kuwa mahali jua linapochomozea au kuzamia husogea mwaka mzima, barabara moja inaweza kuwa salama Juni na kupofusha Desemba. Hilo ni jambo la kimwezi kwelikweli, na sijaona jedwali linaloliuliza.

Polisi wanatoa idadi moja ya majeruhi, hospitali inatoa nyingine kubwa zaidi. Nani anaficha?

Si lazima awepo anayeficha. Mwendesha pikipiki aliyeanguka peke yake hupelekwa hospitali bila askari kuitwa, na katika nchi nyingi kundi hilo ndilo linalokosekana zaidi katika daftari la polisi. Kwa vifo, uliza siku zinazohesabiwa: kipimo kinachotumika kimataifa ni kufariki ndani ya siku 30 baada ya ajali, lakini wako wanaohesabu waliofia papo hapo tu. Ufaransa ilitumia siku 6 hadi ilipohamia siku 30 mwaka 2005, na tarakimu zikapanda bila barabara kuharibika. Tena usiiamini sana tarakimu ya mwezi uliokwisha juzi, kwa sababu fomu nyingine bado ziko njiani. Mwezi mpya karibu wakati wote huonekana bora kuliko utakavyoonekana miezi miwili baadaye.

Tuliweka matuta kwenye makutano yaliyoongoza kwa ajali. Miezi mitatu imepita na ajali zimepungua. Je, tuwaandikie wakuu kwamba matuta yamefanya kazi?

Matuta yakijengwa vizuri hufanya kazi, hilo halina ubishi. Barua yenu ndiyo yenye walakini. Mliyachagua makutano hayo kwa kuwa yalikuwa na kipindi kibaya kuliko mengine yote, na sehemu iliyochaguliwa kwa ubaya wake wa muda mfupi hurudi karibu na wastani wake hata ikiachwa ilivyo. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na watoto wao, na tangu hapo limewasifia wengi wasiostahili, kuanzia wakuu wa doria hadi wauza vibao.

Pia kuna athari ya upya. Sweden ilipohamisha magari yote kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, wengi walitarajia maafa. Badala yake ajali zilipungua, kwa kuwa kila mmoja aliendesha kwa hofu, na kufikia 1969 hali ilikuwa imerejea karibu na ilivyokuwa.

Fanyeni hesabu hii. Tuseme makutano hayo hupata ajali 6 kwa mwaka, na matuta yamezipunguza kwa nusu. Mwaka mmoja wenye ajali 3 au pungufu ungeweza kutokea kwa bahati, bila matuta, karibu mara moja katika miaka 7. Miaka mitatu yenye ajali 9 badala ya 18 ni jambo jingine, kwa kuwa bahati huleta hivyo chini ya mara 2 katika 100. Ndiyo maana wahandisi wengi hulinganisha miaka 3 hadi 5 ya kabla na ya baada, tena pembeni ya makutano mengine yasiyoguswa.

Najua hamtaki kungoja miaka mitatu, wala sioni sababu ya kuwangojesha watoto wanaovuka hapo. Kipo kipimo kisichohitaji mtu agongwe kwanza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo hupanda kwa kama asilimia 4, na kinyume chake hufuata mantiki hiyohiyo. Pimeni mwendo wa magari mia mbili siku ya kawaida, saa zilezile, katika makutano yenye matuta na katika mengine yanayofanana nayo yasiyo na matuta. Rudieni baada ya miezi sita kuona kama madereva wamekwisha kuyazoea. Tarakimu hizo zitakuwa mkononi mwenu ndani ya wiki, na hizo ndizo za kuambatanisha na barua kwa wakuu.